Chujio la Hewa Likae Mahali Mkono Unapofika

Wenye magari wengi wamezoea kutazama maji ya rejeta na mafuta ya injini kila asubuhi kabla ya safari. Hayo ni mazoea mema. Lakini injini hutumia kitu kingine kwa wingi kupita maji, kupita mafuta, na hata kupita petroli yenyewe, nacho ni hewa. Na mlango wa hewa hiyo ndio mlango ambao vumbi la barabara hupitia likienda kuiharibu injini. Mlinzi wa mlango huo ni chujio la hewa. Injini nyingi zimekufa kabla ya wakati wake kwa kuwa chujio halikutazamwa, na mara nyingi halikutazamwa kwa sababu moja tu, kwamba limewekwa mahali pasipofikika.

Msomaji na amfikiri mtu mwenye gari la abiria ambalo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ili kulifikia chujio hana budi kuwashusha watu, kuondoa mito ya viti, kufungua kifuniko, na kuingiza mkono kati ya vyuma vya moto asivyoviona vizuri. Gari lake hufanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na kila saa ya kusimama ni fedha iliyopotea. Basi husema kwamba atalitazama Jumapili. Jumapili huja na kupita. Baada ya miezi kadhaa gari huanza kutoa moshi wa samawati, mafuta ya injini hupungua kila siku, nguvu huisha mlimani, na fundi akifungua injini humwonyesha silinda zilizolika. Fedha za kutengeneza upya injini hiyo zingalimnunulia machujio mengi sana, na siku ambazo gari litalala gereji hazitamletea hata senti moja.

Mtu wa namna hii huuliza, je, haiwezekani kulihamisha chujio likae mahali penye nafasi, ambapo dereva mwenyewe aweza kulifungua kwa mikono yake kwa dakika chache? Yawezekana kabisa, na watengenezaji wa magari wenyewe hufanya hivyo. Walakini kazi hiyo ikifanywa ovyo huiua injini upesi kuliko uvivu wa kutosafisha. Kwa hiyo yafaa kwanza kuelewa chujio lafanya nini, ndipo mtu atwae spana.

Injini ya dizeli ya lita 3, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta hewa ya kujaza silinda zake zote mara 1,000 katika dakika hiyo, maana injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa saa moja hizo ni karibu lita 180,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza vyumba vinane, kila kimoja kikiwa na mita 3 kwa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu. Injini ya petroli nayo huhitaji lita kama 9,000 za hewa ya pwani kwa kila lita moja ya petroli inayochomwa, na zaidi katika nchi za juu ambako hewa ni nyepesi. Gari likisafiri siku nzima nyuma ya lori katika barabara ya udongo, hewa hiyo yote ni hewa ya vumbi.

Vumbi si unga laini kama lionekanavyo juu ya madigadi. Ndani yake mna punje za kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga. Wataalamu wa madini hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha Mohs chenye daraja 10, almasi ikiwa ya 10. Kwatzi ni ya 7, na chuma cha silinda hakifiki hapo. Punje kubwa hubaki njiani au hunaswa kwa urahisi. Zilizo mbaya zaidi ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho, kwa kuwa hupenya katika utando mwembamba wa mafuta ulio kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na huko husugua kila pistoni inapopanda na kushuka. Fundi aliyewahi kusaga vali kwa ile dawa yake ya kusugulia ataelewa mara moja. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa dawa ya namna hiyo hiyo, ila hakuna aliyeagiza kazi hiyo ifanywe.

Sasa msomaji na alitazame lori kubwa lolote lililosimama stendi. Injini ya lori lenye kichwa cha kuinama iko chini ya dereva, na kuifikia ni lazima kichwa chote kiinamishwe mbele. Lakini chujio lake halipo huko. Katika malori mengi liko nje, nyuma ya kichwa au kando ya chasisi, ndani ya pipa la bati lenye vibano, na bomba kubwa hupeleka hewa safi kwenye injini. Dereva hulifungua pipa hilo akiwa amesimama chini, bila kugusa kitu kingine. Land Rover za petroli za Series II na III, zilizotengenezwa toka mwaka 1958 hata 1985, nazo zilikuwa na chujio lao la mafuta kando, na mpira mnene ukipeleka hewa kwenye kabureta. Volkswagen ndogo ya zamani, ile ya umbo la kombe, iliwekewa chujio lake juu ya kabureta yenyewe, huko nyuma ambako magurudumu hurusha vumbi. Ndiyo maana waliozitumia gari hizo katika mashindano ya jangwa la Baja California huko Mexico, yaliyoanza mwaka 1967, walizoea kuhamisha machujio na kuyapandisha juu, wengine wakayaingiza hata ndani ya gari nyuma ya viti. Kulihamisha chujio, basi, si jambo la ajabu wala si uzushi wa mafundi wa jua kali.

Yapasa hapa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lile bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele, kama lilivyo katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, halikuhamisha chujio. Limehamisha mdomo wa kuvutia hewa tu. Chujio lenyewe limebaki chini ya boneti. Faida yake ni kwamba huko juu vumbi ni kidogo na maji ya mto hayafiki. Madereva waliopita njia ya Isiolo kwenda Moyale kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010 watakumbuka jinsi vumbi la gari la mbele lilivyokuwa zito karibu na ardhi na jepesi juu ya paa. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, katika miaka ya karibuni yameonekana na bomba la namna hiyo Naivasha, kwa ajili ya vumbi na madimbwi. Hayo ni mema, lakini hayamsaidii mtu ambaye shida yake ni kulifikia chujio. Huyo ahitaji kuhamisha pipa la chujio lenyewe, na kazi hiyo ina hatari yake ya peke yake.

Hatari yenyewe ni hii. Njia ya hewa ina pande mbili. Toka mdomo wa nje hata kwenye chujio ni upande wa vumbi, na toka chujio hata kwenye injini ni upande safi. Upande wa vumbi ukitoboka, si neno kubwa, maana hewa itakayoingia hapo bado itapita katika chujio. Upande safi ukitoboka, hata kwa tundu la ukubwa wa punje ya mtama, injini itanyonya vumbi moja kwa moja wala chujio halitajua. Na chujio linapohamishwa, upande safi ndio unaorefushwa. Mahali palipokuwa na kiungo kimoja sasa pana viungo vitatu au vinne, na kila kiungo chaweza kuwa mlango wa vumbi. Gari lililohamishiwa chujio lake kwa viungo vilivyolegea laweza kuwa na chujio jipya linalong'aa, linalosafishwa kila wiki, na huku injini yasagika ndani.

Kwa sababu hiyo fundi mwema huanza kazi yake kwenye bomba, kabla hajafikiri habari za pipa. Bomba la upande safi lisiwe la mpira mwepesi wa bustani, maana injini ikivuta kwa nguvu mpira huo hubanana na kujifunga. Mpira ufaao ni ule mnene wenye waya au nyuzi ndani yake, kama ule wa malori, ambao hupatikana hata katika maduka ya vyuma vikuukuu ukiwa bado mzima. Mahali palipo mbali na joto bomba laweza kuwa la bati lililochomelewa vizuri, likasafishwa ndani mpaka pasibaki hata punje moja ya kutu au ya welding, kwa kuwa punje hiyo mwisho wake ni ndani ya silinda. Wengine hutumia bomba la plastiki la maji. Karibu na bomba la moshi plastiki hiyo hulainika na kupinda, na viungo vyake huachana. Afadhali isitumiwe chini ya boneti.

Tena injini haitulii. Imelala juu ya mipira, nayo hutikisika inapowashwa na kuinama kila dereva anapokanyaga mafuta, lakini mwili wa gari hautikisiki nayo. Pipa la chujio likifungwa kwenye mwili wa gari, na bomba gumu likaunganishwa moja kwa moja mpaka kwenye injini, kitu kimoja hakina budi kuvunjika, na aghalabu ni kile kiungo cha upande safi. Kwa hiyo kati ya injini na bomba gumu pawe na kipande cha mpira unaokunjika, chenye urefu wa kutosha kuchezacheza. Pipa nalo lishikwe na kishikilio chake cha chuma chenye bolti mbili au tatu. Lisining'inie kwenye bomba. Chujio la mafuta lililojaa lina uzito, na barabara yenye matuta mfululizo hulitikisa mara elfu nyingi kwa siku.

Upana wa bomba ni jambo ambalo wengi hukosea. Huona bomba la inchi 2 na bomba la inchi 3 kama vitu vinavyokaribiana. Kwa kweli nafasi ya hewa katika bomba la inchi 2 haifiki hata nusu ya ile ya inchi 3. Bomba jipya lisiwe jembamba kuliko tundu la kutokea hewa katika pipa la chujio, na kama bomba litapita mita moja kwa urefu, yafaa kuchagua la ukubwa unaofuata. Kona kali huzuia hewa kama kipande kirefu cha bomba lililonyoka, kwa hiyo kona ziwe chache na za mviringo. Bomba lenye mikunjo kama ya kinanda lafaa kwa kipande kifupi cha kuchezacheza tu. Likitumiwa kwa urefu wote, mikunjo yake huichelewesha hewa.

Kuna njia rahisi ya kujua kama bomba jipya laichosha injini ya dizeli, nayo haihitaji chombo cha fedha nyingi. Fundi hutwaa mpira mwangavu wa mita 3, akaukunja kama herufi U na kuufunga kwenye ubao uliosimama, akatia maji yenye rangi mpaka nusu ya kimo. Ncha moja huachwa wazi, na nyingine huunganishwa na tundu dogo katika bomba la upande safi karibu na injini. Tundu hilo hutobolewa bomba likiwa limeondolewa garini, vumbi la chuma likapanguswa, na baada ya kazi huzibwa kwa skrubu yenye washa ya mpira. Injini ikizungushwa kwa kasi, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na tofauti ya vimo viwili ndiyo kipimo cha taabu ya injini katika kuvuta hewa. Apime kwanza kabla hajahamisha kitu, chujio likiwa jipya, kisha apime tena baada ya kuhamisha. Tofauti ikizidi kwa inchi moja au mbili, si kitu. Ikizidi sana, bomba ni jembamba au lina kona mbaya. Watengenezaji wengi wa injini za dizeli huweka mpaka wa karibu inchi 25 za maji. Kipimo kikifika hapo chujio limeziba na halina budi kubadilishwa. Malori na matrekta mengi yana geji ndogo yenye alama nyekundu inayofanya kazi hiyo hiyo bila maji, na mtu anayehamisha chujio angefanya vizuri kuiweka geji hiyo papo hapo, maana humwonyesha dereva hali ya chujio bila kulifungua.

Baada ya bomba, mahali pa pipa. Mahali pazuri ni pale ambapo mtu aliyesimama aweza kufungua vibano kwa mkono mmoja na kulitoa chujio moja kwa moja bila kulipitisha kati ya vyuma. Lakini kufikika peke yake hakutoshi. Nyuma ya rejeta pana nafasi mara nyingi, tena ni karibu, na hewa ya hapo ni ya moto. Hewa ikipata joto hupanuka na kuwa nyepesi. Kwa kila nyuzi 3 za Sentigredi zinazozidi, uzito wake hupungua kwa kadiri ya sehemu moja katika mia, na nguvu ya injini hupungua nayo. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, tayari hewa ni pungufu kwa sehemu kama 15 katika mia kuliko Mombasa. Injini ya huko haina ziada ya kupoteza. Kama pipa halina mahali pengine, basi mdomo wake urefushwe kwa bomba mpaka mahali penye hewa baridi.

Karibu na gurudumu pia si pazuri, kwa ajili ya vumbi na zaidi kwa ajili ya maji. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ikinyonya maji ya kujaza sehemu ya silinda, pistoni inayopanda hukutana na kitu kisichokubali kubanwa, na mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika hapo hapo, mara nyingine hata kutoboa injini. Mtu aliyekuwa na mdomo wa hewa wa kimo cha boneti, akaushusha mpaka chini ya madigadi ili alifikie chujio, amejinunulia hasara kubwa kwa mto wa kwanza utakaojaa. Mdomo usielekee mbele wazi, mvua ikapuliziwa ndani; na chini kabisa ya upande wa vumbi pawe na tundu dogo la kutolea maji.

Chujio la mafuta, yaani lile lenye bakuli la mafuta chini yake, lina sharti jingine. Lazima lisimame wima kabisa, na bakuli lijazwe mpaka alama wala lisizidi. Likiinama au likijazwa kupita kiasi, mafuta hunyonywa mpaka ndani ya injini. Katika injini ya petroli huo ni moshi na uchafu wa plagi. Katika injini ya dizeli ni hatari ya kweli, kwa kuwa dizeli yaweza kuyachoma mafuta hayo kama mafuta yake ya kawaida, ikazidi kasi yenyewe, na kuzima ufunguo hakutaisimamisha. Kadhalika bakuli hilo lichunguzwe kila siku wakati wa kiangazi. Tope likijaa chini na mafuta safi yaliyobaki juu yake kuwa kidogo, yamwagwe na bakuli lioshwe.

Kuna mpira mmoja mdogo ambao hukatwa na kusahauliwa katika karibu kila kazi ya namna hii iliyofanywa kwa haraka. Ni ule unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye pipa la chujio au kwenye bomba lake. Huo ndio mpira wa pumzi ya injini. Moshi wa mafuta hutokea humo, na nyakati nyingine injini huvuta hewa kwa humo humo. Ukiachwa wazi, vumbi huingia moja kwa moja katika mafuta ya injini bila hata kupitia kwenye silinda, na huko husambazwa kwenye kila beringi. Mpira huo sharti uunganishwe tena na njia ya hewa kwa upande safi, kama mtengenezaji alivyouweka. Mwenye gari anayekwenda kulichukua gari lake asione haya kusema, "Fundi, hebu nionyeshe ile pumzi ya injini umeifunga wapi." Fundi mwenye kujua kazi yake hataudhika kwa swali hilo.

Magari ya miaka ya karibuni yana jambo zaidi. Katika bomba lao, mara tu baada ya chujio, mna kipimo cha hewa chenye waya mwembamba kinachoiambia kompyuta ya gari ni hewa kiasi gani inayoingia, nayo kompyuta hupima petroli kwa kufuata habari hiyo. Kipimo hicho hakina budi kubaki upande safi, ndani ya bomba lake lile lile la asili, mshale wake ukielekea injini, na mbele yake pawe na kipande kilichonyoka. Kikiwekwa katika bomba pana zaidi au karibu na kona, hesabu yake hukosea na injini huenda vibaya ijapokuwa kila kitu chaonekana safi. Injini yenye turbo nayo haivumilii kosa lolote. Mapanga ya turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno, na nati iliyosahauliwa bombani huyavunja mara moja. Mwenye gari jipya ambalo bado lina dhamana ya mtengenezaji asikate kitu kabisa.

Kazi hii haiwahusu wenye magari peke yao. Injini ya kinu cha posho hukaa ndani ya nyumba ambayo hewa yake ni nyeupe kwa unga. Unga si mgumu kama kwatzi, hausagi silinda kwa namna ile, lakini huziba chujio upesi ajabu, na injini huanza kutoa moshi mweusi na kula dizeli bure. Mwenye kinu akiupitisha mpira mpana ukutani na kuliweka chujio nje, chini ya upenu, mdomo ukielekea chini, injini huvuta hewa isiyo na unga, naye hulitazama chujio bila kuzima kinu na kusogeza magunia. Mdomo huo uwekewe wavu wa waya. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga katika bomba lolote lililo wazi, na panya nao hawako mbali na mahali penye mahindi.

Wakati wa kazi yenyewe, tundu la injini lizibwe kwa kitambaa safi tangu chujio la zamani linapoondolewa mpaka bomba jipya linapofungwa. Kitambaa kiwe kikubwa na cha rangi kali, kisije kikasahauliwa ndani. Kila kiungo cha upande safi kipanguswe kikauke, mpira uvae bomba kwa inchi moja na nusu au zaidi, na kibano kikazwe mahali palipo na ukingo ulioinuka kidogo ili mpira usiteleze. Waya wa kufungia hautoshi. Huubana mpira pande mbili na kuuacha wazi pande mbili. Sponji ya godoro au kipande cha gunia visitiwe katika pipa badala ya chujio, hata kwa safari moja, maana huzuia majani na wadudu na kuyaacha yale mavumbi madogo yapite.

Jaribio moja zaidi hudharauliwa na wengi, nalo ni bora kuliko yote. Kabla ya kufunga kiungo cha mwisho karibu na injini, fundi hupaka ndani ya bomba la upande safi grisi nyeupe, utando mwembamba tu wa upana wa vidole viwili kuzunguka bomba. Kisha gari huendeshwa kama kawaida katika barabara ya vumbi kwa kilometa 200 hivi. Bomba lifunguliwe na grisi itazamwe kwenye mwanga. Ikiwa bado nyeupe, viungo vinashika. Ikiwa na vumbi, au ikikwaruza kidole kama mchanga, kuna mahali panapovuja, na gari lisisafiri tena mpaka papatikane. Aghalabu ni kibano cha kwanza baada ya pipa, au ukingo wa mpira wa chujio lenyewe usiokaa sawasawa katika kiti chake.

Likishahamishwa vema, chujio huleta kishawishi kipya. Kwa kuwa sasa ni rahisi kulifikia, dereva hutaka kulifungua kila jioni na kulipiga kwenye gurudumu ili vumbi limwagike. Chujio la karatasi halipendi matendo hayo. Karatasi hupasuka mahali pasipoonekana, na kila likifunguliwa vumbi kidogo huangukia upande safi. Wala lisioshwe kwa petroli, na katika injini ya kabureta, ambayo hukohoa moto nyakati nyingine, chujio lililolowa petroli laweza kuwaka. Chujio la karatasi lililotumika kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko jipya kabisa, kwa kuwa vumbi la kwanza huziba matundu makubwa. Basi lifunguliwe geji inapoonyesha, au kwa kilometa alizoandika mtengenezaji, zikipunguzwa kwa nusu au zaidi kwa gari lishindalo katika barabara za udongo. Siku ya kulifungua, pipa lipanguswe nje kwanza kwa kitambaa kibichi, ndipo vibano vifunguliwe. Ndani ya tundu la upande safi papanguswe kwa kitambaa cheupe kikavu. Na kitambaa hicho kikitoka na wekundu wa udongo, grisi ipakwe tena na jaribio lirudiwe.